Mto Rufiji unatuhusu nini sie wa Unguja? Unatuhusu tena sana

Yakhe ulouliza hapo juu, umesema visiwani hatuna mto wa maana kwa hiyo mambo ya Rufiji tuwaachie watu wa bara. Hebu usiku wa leo ukilala tazama dari. Mie nimelelewa na bibi yangu Malindi ya Mji Mkongwe hapa Unguja, nyumba ya mawe, chumba kirefu chembamba kwa sababu upana wake hauzidi urefu wa boriti, na boriti zile ni mikoko ya delta ya Rufiji. Taa inaning'inia kwenye boriti ya tatu, na umeme wake unapita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Dar es Salaam, mpaka Fumba huku kwetu. Sasa huko bara mitambo ya umeme wa maji ya Mtera, Kidatu, Kihansi na hili bwawa jipya la Mwalimu Nyerere, mashine tisa megawati 2,115, maji yote ni ya bonde hilohilo la Rufiji.

Waliokuwepo Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanajua, waya ulipopata hitilafu miezi mitatu Unguja nzima kiza, pampu hazivuti, mie nikipandisha madumu ya maji ngazini kwa bibi asubuhi na jioni mpaka mabega yakaota sugu. Basi usinambie umeme wa bara hautuhusu.

Lakini nnachotaka kusema khasa ni habari ya tope.

Mwaka 1998 nina miaka 17 ami yangu alinichukua kwenye jahazi, tukenda kupakia boriti Simba Uranga, mdomo mmoja wa delta ya Rufiji, kibali cha misitu mkononi, mwezi wa Aprili masika imeshika. Hata nchi kavu hatujaiona bahari ishageuka rangi kama chai ya maziwa, nahodha akanambia teka, nikateka ndoo nikaonja, chumvi kwa mbali tu na mchanga unaokwaruza meno. Kule ndani tope mapajani, unabeba boriti begani, ganda lina wekundu ukishika mikono wiki nzima hautoki, na zinahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Mzee mmoja wa pale alinambia tope lile limetoka Usangu kule Mbeya na Songea huko, likiacha kuja na wao wamekwisha. Wakati ule sikumuelewa.

Sasa naelewa. Mto ukifurika unaacha tope mashambani, maji yakipungua Warufiji wanapanda mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko, kwenye unyevu uleule, mbolea ya dukani hawaijui. Linalobaki linashuka delta, mizizi ya mikoko inalikamata, na humo ndo kamba na samaki wadogo wanalelewa kabla hawajatoka baharini. Mikoko ya pale ni zaidi ya hekta 50,000, karibu nusu ya mikoko yote ya bara. Bwawa la Mwalimu Nyerere lilianza kujazwa Disemba 2022, na bwawa lolote lile maji yakitulia tope lingi linazama chini linabaki hukohuko, yanayotoka ni karibu maji matupu. Watu wanahesabu megawati, hayo hesabuni sawa, ila tope halina anaelihesabu.

Sisemi bwawa lisingejengwa, mie niliobeba madumu siwezi kusema hivo. Wala sisemi mafuriko ni mazuri tu, ya Aprili 2024 yalisomba mashamba Rufiji na Kibiti na watu wakahama makwao. Ninalotaka ni masika maji yafunguliwe kwa kipimo, watu wa chini waambiwe siku kadhaa kabla, wapate wao mlau na mikoko ipate maji yake. Na huko juu Usangu mpunga upunguziwe maji, maana Ruaha Mkuu tangu miaka ya tisini unakauka kabisa kiangazi, na huo ni mkono wa Rufiji, si mto mwengine.

Kama kuna mtu humu ana ndugu Salale au Nyamisati huko delta aulizie masika hii bahari ya kule imegeuka rangi kama zamani au vipi, mie ningependa sana kujua.