Mwaloni wa kizibo unaota wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimeambiwa vizibo vya chupa hutokana na gome la mwaloni, na kwamba mti huo ni wa asili ya Afrika. Una sifa gani? Huku Lushoto tuna migrevilia, na muuza miche anasema nayo ni mialoni. Naweza kuupanda huo wa kizibo?

JIBU: Marahaba. Ni wa Afrika kweli, lakini ya kaskazini kabisa. Mwaloni wa kizibo (kwa jina la kisayansi Quercus suber) huota wenyewe Moroko, Algeria na kaskazini mwa Tunisia, na ng'ambo ya bahari huko Ureno, Hispania, kusini mwa Ufaransa, magharibi mwa Italia na visiwa kama Sardinia. Kusini mwa Sahara hakuna mwaloni wowote wa asili. Mgrevilia asili yake ni Australia, wala si wa ukoo huo.

Ukitaka kuuelewa, anza na moto. Kwao mvua hunyesha wakati wa baridi, kisha huja kiangazi kirefu ambacho misitu huungua mara kwa mara. Gome lake nene limejaa vichembe vilivyokufa vyenye hewa ndani, hivyo joto halipenyi upesi. Moto ukishapita, matawi yaleyale huchipua tena. Miti mingi ya huko hulazimika kuanzia chini kwenye kisiki. Majani ni madogo, magumu, ya kijani mwaka mzima, na urefu wa mti hufika mita 20 hivi.

Gome hubanduliwa kwa shoka mwanzoni mwa kiangazi, pasipo kugusa ngozi hai ya ndani, maana ikijeruhiwa gome jipya haliji vizuri. Mvuno wa kwanza ni baada ya miaka 25 hivi, kisha kila miaka 9 au zaidi. Gome la vizibo vizuri hupatikana kwenye mvuno wa tatu, mti ukiwa umepita miaka 40.

Kwa hiyo sikushauri kuufanya zao. Unataka udongo usio na chokaa wala kutuamisha maji. Msitu mkubwa wa Mamora, karibu na Rabat, umesimama juu ya mchanga. Kwenye udongo mzito wenye unyevu mizizi yake huoza. Ukitaka mmoja wa kujifunzia, omba kwanza kibali cha kuingiza mbegu nchini, na zipandwe zingali mbichi. Zikikauka kama mahindi ya ghalani, zimekufa.