Maswali ya Wasomaji: Dereva wa Mbio za Udongo na Riziki Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuatilia mbio za magari za Marekani zinazofanyika kwenye viwanja vya udongo. Ninaona majina yale yale yakishinda mwaka baada ya mwaka katika majimbo mawili matatu, lakini siyaoni kamwe kwenye mashindano makubwa ya NASCAR, ambayo zaidi hufanyika kwenye lami. Je, madereva hao walishindwa kupanda ngazi? Na wanaishi kwa kipato gani?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako limebeba dhana ambayo ningependa kuiondoa kwanza, kwamba udongo ni shule ya msingi na lami ndiyo chuo kikuu. Ni kweli wapo waliovuka. Tony Stewart na Kyle Larson walikulia kwenye udongo kabla ya kuwa mabingwa wa NASCAR, na Larson alipotwaa taji hilo mwaka 2021, mwaka huohuo alishinda pia Knoxville Nationals, mbio za udongo zinazofanyika Iowa tangu mwaka 1961. Lakini Steve Kinser, bingwa mara 20 wa World of Outlaws, msururu mkubwa wa mbio za udongo nchini Marekani, alijenga karibu jina lake lote juu ya udongo, na hakuna anayeujua mchezo huu anayemhesabu kuwa ameshindwa.

Dereva wa kanda, yaani yule unayemwona akishinda katika majimbo mawili matatu, yuko chini ya hao, ila kipimo chake ni kilekile. Eneo lake ni umbali ambao tela lenye gari linaweza kuvutwa Ijumaa baada ya kazi na kurudishwa kabla ya Jumatatu asubuhi, na ndani ya eneo hilo ana ujuzi ambao mgeni mwenye injini bora hana, yaani ujuzi wa udongo wenyewe. Mapema jioni uwanja huwa umemwagiliwa maji, una unyevu na mshiko, na gari linaweza kupita karibu popote. Kadiri magari yanavyozunguka, udongo hukauka na kushindiliwa hadi njia ya katikati inakuwa nyeusi na yenye utelezi, huku udongo uliolegea ukirushwa nje na kujikusanya kama tuta karibu na ukuta. Hapo dereva huamua ama kushuka chini kutafuta unyevu uliobaki, ama kupanda juu na kuegemeza tairi la nyuma la kulia kwenye tuta hilo, mahali ambapo kosa dogo humpeleka ukutani. Kabla ya fainali lazima awe amekwisha kuchagua ugumu wa raba ya matairi, akazichonga mifereji, akarekebisha springi na shokapu kwa ajili ya uwanja ambao bado haujawa jinsi utakavyokuwa. Ubashiri huo, kwa maoni yangu, ndio kiini cha kazi yake, na hauwezi kupatikana ila kwa miaka mingi kwenye viwanja vilevile.

Kuhusu riziki, wengi wao hawaishi kwa mbio. Wana kazi nyingine siku za wiki, fundi ni ndugu au rafiki asiyelipwa, na mdhamini ni mwenye biashara ya jirani ambaye jina lake limeandikwa ubavuni mwa gari. Zawadi hutolewa kulingana na nafasi, na mara nyingi usiku mzuri hulipia matairi na mafuta tu. Ndiyo maana kanuni za gharama ni jambo zito: IMCA, chama cha kusimamia mbio za magari kilichoanzishwa mwaka 1915, kwa miaka mingi kilimruhusu mshindani katika daraja lake la modifaidi (magari yaliyorekebishwa kwa ajili ya mbio) kuidai injini ya aliyemshinda kwa bei ndogo iliyopangwa, ili asiwepo mwenye sababu ya kununua ushindi kwa injini ya gharama kubwa. Fedha nyingi zipo, lakini kwa wachache. Mwaka 2022 Jonathan Davenport alishinda zaidi ya dola milioni moja kwa usiku mmoja kwenye uwanja wa udongo wa Eldora, Ohio.

SWALI: Msomaji mwingine anauliza kwa nini magurudumu ya mbele huelekezwa kulia ilhali kona ni ya kushoto.

JIBU: Kwa sababu sehemu ya nyuma ya gari inateleza kwenda nje. Dereva huilegeza kwa makusudi anapoingia kwenye kona, kisha huzungusha usukani kulia ili gari lisijizungushe lote, na tangu hapo hulielekeza zaidi kwa kanyagio la mafuta kuliko kwa mikono. Tena tairi la nyuma la kulia huwa na mzingo mkubwa kuliko la kushoto, kwa hiyo gari lenyewe hupenda kupinda kushoto, na likiwekwa kwenye njia iliyonyooka dereva hulazimika kulizuia.