Taabu ya Hija na neno "sisi"

Umeuliza ajuza wa miaka 70 anawezaje kulala Muzdalifa, uwanja ambapo mahujaji wa Hija hulala usiku mmoja, juu ya changarawe, nje. Si kwamba haumii, ndugu yangu. Mama yangu, ambaye hapa Kibokoni ngazi tatu tu ni kesi, alirudi miguu imevimba, lakini hadithi yake yote ni "sisi": tulikosa maji, leso moja tulijifunika watatu. Taabu ikiwa ya "sisi" hubebeka, wala si Hija peke yake. Wanasaikolojia waliochunguza Magh Mela, mkusanyiko mkubwa wa hija ya Kihindu kule India, waliwasikilizisha mahujaji wa Kihindu kelele zilezile; walioambiwa ni za Mela walizistahamili kuliko walioambiwa ni za mjini. Ila foleni ya choo Mina, kwenye mahema ya mahujaji, mama hajaisamehe. Pale, asema, kila mtu na lwake.