Kabati limejaa, nguo ya kuvaa haipo: majibu kwa wasomaji

Maswali ya kabati yamekuwa mengi mwezi huu kuliko ya ngozi na nywele, kwa hiyo leo nayamaliza kwa pamoja. Yanayofanana nimeyajibu mara moja.

Shikamoo shangazi. Nina nguo nyingi mpaka mlango wa kabati haufungi, lakini kila Jumatatu asubuhi sina cha kuvaa. Nianzie wapi? (Msomaji, Kimara)

Marahaba mwanangu. Kila anayeniuliza hivi anataka nimtajie atoe nguo ngapi na abaki na ngapi. Sina idadi, na anayekutajia idadi hajui unaishi vipi.

Anzia kwenye kamba ya kuanikia, kabati liache kwanza. Kila unapofua tazama kilichoning'inia: suruali ile ile nyeusi, blauzi mbili za pamba, dera la nyumbani, gauni la kanisani. Hizo ndizo nguo zako. Zisizogusa maji tangu masika ya mwaka jana zitoe zote uziweke kitandani, uitazame moja moja kwa nini haifuliwi. Mara nyingi sababu ni ndogo tu. Zipu imekatika, kifungo kimedondoka, kwapani panabana, pindo limeachia. Za namna hiyo zifike kwa fundi wiki hii hii. Mwezi ukiisha bado ziko kwenye mfuko nyuma ya mlango, ujue huzihitaji, zitoe.

Na wale mnaouliza "mtindo wangu ni upi" jibu lenu liko kwenye kamba hiyo hiyo. Tazama nguo unazozirudia zinafanana wapi. Zina kola? Zina mifuko? Ni za kitambaa kisichodai pasi? Zote zinaishia chini ya goti? Ukishaona, nenda na hilo dukani. Picha za kwenye simu ni za watu waliovaa ili wapigwe picha. Wewe unavaa ili upande daladala, ukae ofisini kwa saa nane, upitie sokoni, urudi upike.

Nguo zinazonibana nizitunze mpaka nipungue? (Msomaji, Morogoro)

Bakiza moja unayoipenda kuliko zote. Nyingine mpe mtu ambaye zinamtosha leo.

Dada, nina sare kumi na nne za shughuli: kichen pati, sendofu, harusi, kipaimara. Hakuna hata moja niliyoirudia. Nizifanyeje? (Msomaji, Tabata)

Hapa umenigusa panapouma. Makabati ya wanawake wa mjini yanajazwa na sare kuliko kitu kingine chochote, na hakuna anayethubutu kulisema hilo kwenye kikao cha kamati. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, unatoa mchango, halafu unaambiwa kitambaa ni hiki, kinauzwa na fulani peke yake, na bei haipungui. Ukishakinunua unamfuata fundi, fundi naye kaelemewa na sare za wenzako, gauni unalipata mchana wa siku yenyewe likiwa linabana mgongoni. Unalivaa jioni moja. Kazini haliendi kwa sababu linang'aa. Kwenye harusi nyingine haliendi kwa sababu huko nako wana sare yao. Mdogo wako halihitaji hata umpe bure, anazo za kwake.

Sasa hizo kumi na nne zigawe kwa kitambaa, usizigawe kwa kumbukumbu ya shughuli ilivyofana. Zilizoshonwa kwa kitenge cha pamba ni mali. Gauni refu la kitenge fundi anaweza kulikata kiunoni ukapata sketi ya kuvaa na shati jeupe, na mabaki ya juu yakatoka fulana ya mtoto au mfuko wa sokoni. Mwambie afumue mishono taratibu badala ya kukata na mkasi, maana kwenye mishono ndiko kitambaa cha akiba kilipo. Lasi nyingi tunazouziwa ni poliesta, hazinywi jasho, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa pili utateseka bure. Lasi chukua ile iliyo nzuri zaidi, itoe sketi, uivae na blauzi ya pamba isiyo na nakshi. Zenye mawe na shanga usihangaike nazo. Wapo wanaokodisha magauni ya shughuli, wauzie hata kwa bei ya chini, kuliko zikuozee.

Halafu rudi kwenye kamati, maana huko ndiko mlango ulipo. Ukifika kikaoni pendekeza rangi badala ya kitambaa. Ikisemwa "zambarau, kila mtu avae alichonacho", picha zitapendeza vile vile, na anayetaka kushona atashona. Najua wanawake waliokopa kwenye vikoba ili walipe sare, wakaja kurejesha deni huku gauni liko chini ya kabati limekunjwa. Jambo hilo si sawa, na kunyamaza kwetu ndiko kunakolilea. Bibi harusi mtarajiwa unayenisoma, rafiki zako hawatakwambia. Nakwambia mimi.

Rangi gani inampendeza mtu mweusi? (Wasomaji wengi)

Zote. Nimeshalijibu hili mara nyingi na jibu halijabadilika. Ukiona rangi fulani inakufifisha uso, iweke kwenye sketi au suruali, mbali na shingo.

Ila kwa sababu baadhi yenu mmeongeza "niwe mweupe kidogo ili gauni likubali", naomba mnisikilize. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na sababu ipo. Zebaki inaharibu figo. Gauni lisilokubali ngozi yako lirudishe dukani.

Mama yangu ana masanduku mawili ya kanga na vitenge, nyingine hata hazijatenganishwa. Nikitaka kumsaidia kupunguza ananuna. Nimweleweshe vipi? (Msomaji, Tanga)

Usimweleweshe. Wewe ndiye wa kueleweshwa, mwanangu, na usinikasirikie.

Ikiwa mama yako ana miaka sitini na kitu, alikuwa msichana mwanzoni mwa miaka ya 80. Vita vya Uganda vimeisha 1979, maduka yako matupu, kipande cha kitambaa kinapatikana kwa foleni au kwa kujuana na muuzaji. Kuanzia 1984 biashara ilipolegezwa ndipo bidhaa zikaanza kurudi na mitumba ikaingia kwa wingi. Mtu aliyeipita miaka ile hatazami doti mpya kama unavyoitazama wewe. Kwake ile ni akiba.

Tena akiba yenye kazi. Jirani akijifungua, kanga inatoka sandukuni. Kukiwa na msiba, kanga inatoka. Mgeni wa heshima akiondoka, binti akiolewa, kanga inatoka. Fungua sanduku lile mkiwa wawili, muulize kila doti imetoka wapi, na usome majina yake kwa sauti. Utakuta ya arusi yake, aliyoletewa na wifi yake, na moja iliyonunuliwa kwa sababu ya jina tu, kumjibu jirani. Hivyo vitu havipunguzwi na mtoto aliyekuja likizo wiki moja.

Unachoweza kumfanyia ni hiki. Zitoe zote juani mara mbili kwa mwaka. Kanga mpya ina wanga, na wanga unaita mende na wadudu wengine, kwa hiyo kung'uta kila mkunjo na ubadilishe mahali pa kukunjia, la sivyo kitambaa kitakatika kwenye mstari ule ule. Panguza sanduku, likauke kabisa, ndipo urudishe. Akiona unazitunza, huenda akakupa mbili tatu mwenyewe.

Mimi ni mwanaume, mtumishi wa umma, Dodoma. Nina mashati mengi na yote yananikaa vibaya. Tatizo ni mwili wangu? (Msomaji, Dodoma)

Tatizo ni mabega, kaka. Ya shati, siyo yako. Mshono wa bega lazima uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukining'inia mkononi, umevaa shati la mtu mwingine. Fundi anaweza kupunguza ubavu, kufupisha mikono na kupandisha pindo kwa kazi ya nusu saa, lakini bega ni kulifumua shati upya, na wengi wataliharibu. Kwa hiyo pima bega kwanza, mengine baadaye. Kola ikifungwa, vidole viwili vipite. Yasiyofaulu mtihani wa bega yaondoe yote, hata kama ni ya gharama.

Kisha shonesha kaunda suti mbili nzuri zilizopimwa mwilini mwako. Kwa ofisi na kwa jua la Dodoma sijaona vazi la kiume linaloishinda, na inasikitisha kuona vijana wakiikimbia na kutokwa jasho ndani ya koti la poliesta.

Shangazi, nikipita soko la mitumba la Karume siwezi kutoka mikono mitupu. Blauzi buku tatu nitaiachaje? (Msomaji, Buguruni)

Utaiacha hivi: ishike juu uitazame dhidi ya jua. Angalia kwapani, kola na zipu. Halafu taja nguo tatu ulizonazo nyumbani za kuvaa nayo. Ukikwama kwenye ya pili, irudishe kwenye lundo. Buku tatu, nauli, na buku tano za fundi kwa blauzi usiyoivaa siyo rahisi.

Sina ugomvi na mitumba, ndiyo imetuvika. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana 2016 kuiondoa hatua kwa hatua, nyingi zilirudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya AGOA, mpango wake wa biashara na Afrika. Ugomvi wangu ni kununua kwa sababu ya bei peke yake. Tukinunua hovyo tunajaza makabati, na fundi wa mtaani ambaye angekushonea sketi ya miaka kumi anakaa na cherehani yake bila kazi.

Na nguo za ndani za mitumba, hapana. TBS, shirika letu la viwango, inazikataza, na bado nazikuta zimetandazwa chini watu wanachambua.

Nguo zangu zinanuka ukungu. Niweke vidonge vya nondo vingapi kabatini? (Msomaji, Unguja)

Hata kimoja. Vidonge vile ni vya wadudu, havina habari na ukungu. Ukungu unataka unyevu, kwa hiyo muuondolee unyevu. Sogeza kabati liachane na ukuta, hasa ukuta wa nje. Usiingize nguo ikiwa na baridi ya kamba jioni. Toa mifuko ya nailoni ya dobi. Weka mkaa kwenye kikapu chini ya kabati, uwe unautoa juani mara kwa mara. Zilizokwisha kuota madoa zifue kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, zikae juani mpaka zikauke kabisa. Udi ufukize baada ya hapo. Ukifukiza juu ya ukungu utapata harufu mbili.

Na hili mlishike hata ambao hamkuuliza: kuna vidonge vinavyotengenezwa kwa naftalini, na naftalini ni hatari kwa mtoto mchanga. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na katika maeneo yetu ya malaria wapo wengi, akivishwa au akifunikwa nguo iliyolala na vidonge hivyo, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akawa wa manjano na kuishiwa damu. Bibi anayemtunzia mjukuu kanga sandukuni aambiwe.

Nimepata mifuko mitatu ya kutoa. Nipeleke kituo gani cha yatima? (Msomaji, Arusha)

Piga simu kwanza uwaulize wanahitaji nini. Kisha fua, piga pasi, rudisha vifungo. Kilichochanika katakata kiwe matambara ya kwako ya kufanyia usafi. Mtoto wa kituoni anaona aibu kama wa kwako.

Picha nilimwonyesha fundi, gauni likatoka tofauti kabisa. Nimdai? (Msomaji, Mwanza)

Mlikubaliana kitambaa? Picha nyingi mnazopeleka ni za kitambaa kinacholegea, nanyi mnampelekea kitenge kipya kilichokakamaa. Hakiwezi kudondoka vile. Kabla hajakata, mpelekee gauni lako la zamani linalokukaa vizuri, apimie hapo, na mwombe akuache ulijaribu kabla hajafunga mishono. Na kipindi cha sikukuu mpe wiki tatu, si siku tatu.

Kwa mtakaoandika kwa ajili ya toleo lijalo: tajeni kazi mnayofanya, mnakoishi na mnavyosafiri kwenda kazini. "Nivae nini nipendeze" peke yake siwezi kulijibu, na kuanzia sasa sitalichapisha.