Anza na Godzilla ya 1954

Ndugu yangu, unasema filamu za madubwana ulizoona zimekuchosha, makelele na majengo kuporomoka tu, na unauliza ipi inafaa kutazamwa. Anza na Godzilla ya kwanza kabisa, ya Japani, aliyoiongoza Ishirō Honda mwaka 1954. Haina rangi, na dubwana lenyewe ni mtu aliyevaa vazi zito, lakini usiidharau. Kuna mama amewakumbatia wanawe huku mji unateketea, anawaambia wako karibu kumfuata baba yao. Hapo mwili ulinisisimka. Ilitengenezwa miaka 9 tu baada ya mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, na uchungu huo unauona waziwazi. Tafadhali tafuta ya Kijapani yenye tafsiri ya maandishi, usichukue ile iliyokatwakatwa Marekani mwaka 1956.

Ikikukolea, nenda The Host ya Bong Joon-ho, ya Korea Kusini, 2006. Dubwana linatoka mtoni mchana kweupe, mapema tu, wala halifichwi. Kinachokushika roho ni familia inayomsaka binti yao. Jaws ya 1975, ya papa wa baharini anayeshambulia watu, nayo usiikose. Papa mwenyewe anachelewa sana kuonekana, na hofu inazidi.