Kuhisi kuvutwa wakati wa upasuaji wa kujifungua

Dada, umeuliza kama ni kawaida kuhisi kuvutwa tumboni wakati wa upasuaji ilhali umechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kuvutwa na kukandamizwa, hasa mtoto anapotolewa, ni kawaida, kwa kuwa ganzi hiyo huzuia maumivu lakini haifuti kabisa hisia za mguso. Kichefuchefu nacho mara nyingi hutokana na kushuka kwa shinikizo la damu, na hutibika upesi. Maumivu makali, hata hivyo, si ya kuvumiliwa, na hapa nasisitiza: mwambie mtaalamu wa usingizi, yaani yule aliyekupa ganzi, papo hapo, kwani anaweza kumwomba daktari asitishe upasuaji kwanza, akakuongezea dawa kwenye mshipa au akakupa nusukaputi, yaani dawa ya kukulaza usingizi kabisa. Kabla ya kukatwa, ganzi hupimwa kwa kitu cha baridi, nayo inapaswa kufika karibu na usawa wa chuchu. Ukihisi baridi hiyo chini ya usawa huo, sema bila kuona haya.