Njegere ya jangwani: kwa mnaoanza kazi kitaluni

Ukipata kazi kwenye kitalu huku Australia Kusini, wateja watakuuliza ua hili kabla hujajua choo kiko wapi: jekundu la damu, refu kama sentimita 9, lenye nundu nyeusi inayong'aa katikati. Wenyewe huliita njegere ya jangwa ya Sturt. Kwenye vibao ni Swainsona formosa. Ni nembo ya jimbo tangu 1961. (Sturt, mpelelezi wa bara la Australia, amelipa jina, lakini Dampier, baharia Mwingereza, alishalichuma mwaka 1699.)

Miche ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilizoea mboga, asubuhi maji, jioni maji. Wiki haikuisha, trei nzima ikaoza mashina.

Anza na mbegu. Ganda lake ni gumu, limeumbwa kungojea mvua miaka na miaka. Ukiisia hivi hivi, utakodolea udongo macho. Ikwaruze kidogo kwa msasa, au imwagie maji ya moto uiache ilale humo, kama tunavyofanya lusina nyumbani. Iliyovimba asubuhi isie, isiyovimba irudie. Mimi nashika msasa, maana na maji ya moto nimewahi kupika mbegu.

Kinachowashinda wageni hasa ni mzizi. Kwao, kwenye mchanga mwekundu, mvua ikinyesha mche huharakisha kuteremsha mzizi mkuu kabla ardhi haijakauka tena. Ndipo matawi yenye majani ya kijivu, yenye vinyweleo, yanapotambaa hata mita 2. Mzizi huo ukikatika au kukunjika, mche umekwenda. Kwa hiyo usisie kwenye trei ukitarajia kuhamisha. Sia kwenye kiriba kirefu, au kopo la karatasi linalozikwa pamoja na mche. Mchanga mwingi, jua la kutwa. Mwagilia kwa kushibisha, kisha uache udongo ukauke juu. Mkono ukikuwasha kumwagilia tena, kafagie.

Wakongwe hubebesha kichipukizi chake juu ya shina la Colutea, mkunde mwenzake unaostahimili unyevu. Hiyo usiiguse msimu wa kwanza.

Porini mvua ikishanyesha utaliona limetanda kama kanga zilizoanikwa. Usichume: ardhi ya serikali inataka kibali, ya mtu inataka ruhusa yake. Mbegu tunazitoa kwenye mimea yetu, na vitumba vya mbegu huvunwa vikianza kuwa kahawia, kabla havijapasuka na kuzimwaga.